Kamera gani inafaa koperative? Namna ya kuchagua vifaa vya kupiga foto ya mazao ya kuuzisha

Wandugu wanamemba wa koperative za Kasongo na Kabambare,

Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni la kweli pale mununuzi anasimama mbele ya mufuko, anaingiza mukono, anamwaga muchele kwenye kiganja na kuuangalia. Lakini leo mununuzi mukubwa mara nyingi hayuko sokoni kwetu. Yuko Kindu, Bukavu ao Kalemie. Muchele hata ukiwa muzuri namna gani, haujiuzi kwa mutu ambaye hauoni.

Barabara zetu munazijua. Iwe mali inapita Kipaka kwenda Kindu, iwe inapelekwa Samba kungojea treni, safari ni ya bei kali, na wakati wa mvua lori linaweza kulala njiani siku mingi. Kwa hiyo mununuzi hatoki bure. Mbele ya kukodi gari, anatuma neno kwa WhatsApp: «Nitumieni foto.»

Foto hiyo inashika feza yenu. Ikiwa ni ya giza, mununuzi anafikiri muchele wenyewe ni wa giza, na anatoa bei ya muchele wa chini ili ajikinge. Tuseme anapunguza franka 50 tu kwa kilo moja. Kwa tani 4, hiyo ni franka 200.000 ambazo wanamemba wamepoteza mbele gari halijawashwa. Na ikiwa foto ni nzuri kupita muchele wenyewe, mambo ni mabaya zaidi: gari linafika, mununuzi anafungua mufuko, anakasirika, na bei inaanza kuzungumzwa upya mukiwa tayari mumefunga mifuko na kufukuza wanunuzi wengine. Siku nyingine hatajibu hata telefone.

Katika mikutano ya koperative tunaulizwa sana: «Tununue kamera gani?» Makala hii inajibu swali hilo. Jibu letu kwa ufupi: telefone moja ya muzuri, mwangaza wa jua, vitambaa viwili na mizani. Kamera kubwa ingojee. Sasa tueleze sababu.

Telefone ao kamera kubwa?

Kamera kubwa, ile ya mupiga foto wa arusi, inatoa foto nzuri kweli. Lakini kwa kazi yetu iko na matatizo manne. Kwanza, nyingi hazitumi foto zenyewe: munapaswa kutoa kadi memori, kutafuta kompyuta ao kifaa cha kusomea kadi, kisha kurudisha foto kwenye telefone. Pili, vipande vyake, sawa lenzi na batri, havipatikani karibu. Kimoja kikikufa, kamera yote inalala. Tatu, unyevu wa kwetu unazaa ukungu ndani ya lenzi, na vumbi la kiangazi linaingia kila fasi. Ine, inaomba mutu aliyejifunza kazi hiyo, na huyo mutu akihama, kamera inabakia kwenye kabati.

Kuna pia kamera ndogo za zamani za mukononi, zinazouzishwa bei ya chini. Zile zinapiga foto lakini hazitumi, na nyingi zimekwisha kupitwa na kamera ya telefone ya kawaida. Musipoteze feza kwazo.

Telefone inapiga foto, inaonyesha foto palepale, inatuma, inapokea jibu la mununuzi na inapokea pia feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kifaa kimoja, kazi tano. Koperative ambayo mwanamemba wake mumoja tayari ana telefone yenye kamera ya muzuri inaweza hata kuanza leo, bila kununua kitu, na kuangalia kwanza kama foto zinaleta wanunuzi.

Namba zinazodanganya

Dukani watawaonyesha karatasi: megapikseli 50, megapikseli 108, kamera ine kwa mugongo. Musitishike.

Foto imejengwa kwa nukta ndogondogo za rangi. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Foto ya megapikseli 12 iko na nukta kama 4.000 kwa upande murefu na 3.000 kwa upande mufupi. Lakini foto ya kawaida ikitumwa kwa WhatsApp, inapunguzwa ili isile mega mingi; mara nyingi upande murefu unabakia na nukta kama 1.600. Ukihesabu, mununuzi wa Bukavu anapokea karibu megapikseli 2 tu. Kwa hiyo kulipa feza ya kuongeza ili kupata 108 ni sawa kununua lori la tani kumi ili kubeba mufuko mumoja.

Megapikseli 12 zinatosha sana. Na zile kamera ndogo zinazojaza mugongo wa telefone ya bei rahisi, nyingi ni mapambo. Munatumia moja tu, ile kubwa ya nyuma.

Mambo ya kuangalia ni haya:

– Kamera ya nyuma iweze kujirekebisha yenyewe ili kitu cha karibu kionekane wazi. Ukigusa punje kwenye kioo, telefone inapaswa kulenga hapo.

– Fasi ya kuweka foto: giga 64 ni vizuri, ao telefone inayokubali kadi memori. Foto moja inaweza kula mega 3 mpaka 5, na koperative inapaswa kutunza foto za kila loti mpaka malipo yamekwisha.

– Batri kubwa. Batri ya 5.000 (wanaandika mAh) inasaidia sana fasi isiyo na umeme.

– Fasi mbili za SIM. Kwetu rezo ya kampuni moja inaweza kupotea siku nzima na ile ya pili ikabakia.

Kujaribu telefone mbele ya kulipa

Musinunue telefone iliyofungwa kwenye karto bila kuijaribu. Mwende wawili, muchukue punje kidogo za muchele mufukoni na karatasi moja nyeupe, kisha mufanye hivi:

1. Muweke punje kwenye karatasi, mupige foto kwa umbali wa shibiri moja, kisha muikuze kwenye kioo. Munapaswa kutofautisha punje nzima na punje iliyovunjika. Ikiwa munaona ukungu tu, murudishe telefone.

2. Mupige foto ya karatasi peke yake, nje kwenye mwangaza. Alama nyeusi ao duara la ukungu likionekana kila foto, hata kisha kupangusa, lenzi imeharibika.

3. Muandike *#06#. Namba inayoonekana kwenye kioo inapaswa kuwa sawa na ile iliyo kwenye karto. Zisipofanana, kuna mashaka.

4. Mupige video dakika kumi huku munazungumza bei. Batri ikishuka sana wakati huo, imechoka. Telefone zilizotumiwa zamani ndizo zinahitaji jaribio hili zaidi.

5. Muingize SIM mbili zenu na kutuma foto moja palepale.

Muuzishaji akikataa majaribio haya, mwende duka lingine.

Vifaa vya bei ndogo vinavyofanya kazi kubwa

Feza ambayo munaokoa kwa kuacha kamera kubwa, kidogo yake iende kwa vitu hivi:

Mwangaza. Huu haununuliwi, lakini unachaguliwa. Sisi tuko karibu na Ekweta, na muchana jua linasimama juu ya kichwa: punje zinang'aa upande mumoja na kuwa nyeusi upande mwingine. Mupige foto asubuhi ao kisha jua kuteremka, ndani ya kivuli chenye mwangaza, sawa barazani ao karibu na mulango wa depo uliofunguliwa. Siku ya mawingu pia ni nzuri. Flashi muizime: inafanya punje ziwe kama zimemwagiwa maji.

Muangalie kivuli kinatoka wapi. Chini ya bashi ya bluu, muchele unakuwa wa bluu. Chini ya mwembe, unachukua rangi ya majani. Mununuzi hajui kuna bashi juu ya kichwa chenu. Anafikiri muchele umeoza.

Kitambaa cheusi na kitambaa cheupe, kila kimoja cha metre moja, visivyo na maua na visivyong'aa. Muchele unapigiwa foto kwenye kitambaa cheusi: punje zilizovunjika, mawe na makapi vinaonekana wazi. Maharage, karanga na mahindi vinapigiwa foto kwenye cheupe.

Kitu cha kusimamisha telefone. Mukono ukitetemeka, foto inakuwa na ukungu. Dukani kuna miguu mitatu ya kuuzisha, lakini seremala wa kijiji anaweza kufanya kibao chenye mulia wa kuingiza telefone. Hata matofali mawili yanasaidia.

Kitu cha kuonyesha ukubwa. Kalamu ya Bic ao kibiriti, vinajulikana kila fasi. Muweke kando ya punje.

Kitambaa laini cha kupangusa lenzi. Mikono yetu iko na mafuta na vumbi. Foto nyingi zenye ukungu haziletwi na kamera mbaya. Zinaletwa na alama ya kidole kwenye lenzi.

Umeme. Pano ndogo ya jua ao batri ya akiba ya kusharjia. Telefone iliyokufa siku mununuzi anauliza foto haisaidii mutu.

Kila zao na foto zake

Foto moja haitoshi. Kwa kila loti mutume ine: mifuko yote ya loti ikiwa imepangwa, mufuko mumoja uliofunguliwa, kiganja kimoja cha punje kwenye kitambaa, karibu sana, na mizani yenye mufuko juu yake, namba ikisomeka.

Ndani ya kila foto muweke karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina la koperative, namba ya loti, tarehe, idadi ya mifuko. Karatasi hiyo inaonyesha foto haikuibwa kwingine wala haikupigwa musimu uliopita. Inazuia pia mutu wa kati kuchukua foto yenu na kujifanya mali ni yake.

Kwa muchele, muchukue punje kutoka mifuko mingi: juu, katikati na chini. Muzichanganye, kisha mupige foto ya kiganja kimoja. Musichague punje nzuri. Kama kuna aina mbili za mupunga, musizichanganye kwenye foto moja wala kwenye mufuko mumoja.

Kwa karanga, mupige foto ya zile zilizokobolewa na zile zenye maganda. Munyooshe pia chache kwa kuzivunja katikati, ili mununuzi aone ndani.

Kwa mafuta ya mawese, bido la lita 20 halionyeshi kitu. Muweke kidogo ndani ya chupa ao gilasi isiyo na rangi, mwangaza ukitokea nyuma yake. Hapo uchafu na maji vinaonekana. Asubuhi ya baridi mafuta yanaganda kidogo na kuonekana machafu hata kama ni safi, kwa hiyo mungojee yapate joto.

Na musitie rangi. Telefone nyingi siku hizi ziko na vidude vya kufanya foto ing'ae. Vinafaa kwa foto ya arusi. Kwa mali, ni uongo, na uongo huo unasafiri kwa gari la mutu mwingine mpaka depo yenu.

Kile kamera haiwezi kuonyesha

Hapa tunasema kama watu wa kilimo. Kamera haioshi muchele. Mupunga ulioanikwa chini kwenye udongo utakuwa na mawe, na kamera ya muzuri itaonyesha mawe hayo vizuri zaidi. Koperative ambayo haina bashi ya kuanikia isinunue telefone kwanza, inunue bashi.

Pia kuna mambo ambayo jicho halioni hata kwenye foto safi. Unyevu hauonekani. Mupunga wa kuweka depo haupaswi kupita unyevu wa 14 kwa mia. Ukipita, unapata joto ndani ya mufuko na kuharibika. Karanga zilizokobolewa zinapaswa kukauka zaidi, mpaka karibu 7 ao 8 kwa mia, kwa sababu karanga mbichi zinaota ukungu unaozaa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na inaharibu maini ya watu. Karanga yaweza kuwa nzuri kwenye foto na kuwa na sumu.

Ndiyo sababu foto iende pamoja na maneno. Kama hamuna kifaa cha kupima unyevu, mutumie chumvi. Muchukue chupa kavu yenye mufuniko, muweke nafaka mpaka kama nusu, muongeze vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, kisha mutikise na kuacha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, nafaka bado ina unyevu unaopita kama 15 kwa mia, kwa hiyo irudi kwenye jua. Isiposhika, imekauka kiasi cha kuweka. Jaribio hili linaonyesha nafaka iliyo mbichi, lakini halitoshi kwa karanga, ambazo zinapaswa kukauka kupita hapo. Kwa karanga, muandike siku ngapi zilianikwa na kwenye nini.

Ujumbe wa mufano unaweza kuwa hivi: «Muchele, loti 3, mifuko 40 ya kilo 50. Ulianikwa kwenye bashi siku 4. Jaribio la chumvi: kavu. Kuna punje zilizovunjika, muangalie foto ya tatu. Bei tunazungumza.» Munaona sentensi ile ya punje zilizovunjika? Wengine wanaogopa kuiandika. Lakini mununuzi ataziona tu. Akiziona kwanza kwenye foto, bei mutakayopatana ndiyo atakayolipa akifika.

Telefone ni ya nani?

Vifaa hivi vinaharibu koperative kama hakuna sheria. Tunashauri mambo haya yaandikwe kwenye kitabu cha mukutano mbele ya kununua:

Telefone na SIM ni vya koperative, si vya prezida. SIM iandikishwe kwa makubaliano ya wote, ili siku muongozi akibadilishwa, namba ambayo wanunuzi wanaijua isiondoke naye.

Watu wawili wafunzwe kupiga na kutuma foto, na mumoja wao awe mwanamuke. Kwetu wamama ndio wanaanika, wanapeta na kuchagua punje. Wanajua loti vizuri kuliko mutu anayekaa ofisini.

Mazungumzo ya bei na wanunuzi yabakie kwenye telefone ile, na mutunza-feza aweze kuyasoma. Koperative inaweza kuweka WhatsApp Business, ambayo hailipishwi, na ndani yake kupanga foto za mazao sawa kwenye meza ya soko.

Kuhusu usalama, tuseme wazi. Musitume kwenye vikundi vikubwa foto inayoonyesha depo kwa nje, njia ya kufika, wala feza. Karatasi ya loti na mifuko inatosha. Kwenye kamera, muzime kile kinachoandika fasi foto ilipigwa. Foto ya kawaida ya WhatsApp inaondoa habari hiyo, lakini foto ikitumwa kama dokima, inabakia ndani yake. Na mutu asipigwe foto bila kukubali, zaidi sana watoto.

Mununuzi akituma foto ya ujumbe wa malipo, haiko malipo. Foto inaweza kutengenezwa. Muangalie salio kwenye akaunti yenu wenyewe mbele ya kufungua mulango wa depo.

Tupange feza namna gani?

Kama koperative yenu iko na feza kidogo, mufuate utaratibu huu: kwanza bashi na mizani ya kweli, pili telefone moja iliyojaribiwa, tatu vitambaa viwili na kitu cha kusharjia, ine feza ya mega kwa musimu muzima. Hiyo ya mwisho inasahauliwa sana, na telefone bila mega inabakia toshi tu.

Kwa kamera kubwa, mungojee mpaka foto za telefone zimeuzisha misimu miwili ao mitatu na mununuzi mwenyewe ameomba kitu zaidi, kwa mufano foto ya kuchapa kwenye mufuko wenye jina lenu. Na hata hapo, mupiga foto wa Kasongo anaweza kukodiwa siku moja.

Mbele ya mukutano ujao, mufanye jaribio dogo ambalo halilipishwi. Muchukue kiganja cha muchele uleule, mupige foto moja ndani ya depo kwa flashi, na nyingine barazani asubuhi kwenye kitambaa cheusi. Mutume zote mbili kwa mutu aliye mbali, asiyejua kwamba ni muchele mumoja, na mumuulize angelipa kiasi gani kwa kila foto. Jibu lake mulisome mbele ya wanamemba, kisha muzungumze bajeti.